Busha la Muuza Madafu

Kwa miaka tisa nilivaa kanzu kila siku iendayo kwa Mungu, na watu wa Dunda wakanihesabu mcha Mungu. Msikitini nikapewa nafasi safu ya mbele. Wakati fulani jina langu likapendekezwa kwenye kamati, nikakataa kwa unyenyekevu, wakazidi kunisifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na busha, na suruali zote zilikuwa zimenikataa.

Ningekuwa seremala ningelibeba busha langu kama wengine, maana pwani hii si jambo geni. Lakini mimi nauza madafu. Nilitoka Fukayosi na panga moja na darasa la tatu, nikakwea minazi ya watu mpaka nikapanda ya kwangu. Nyumba nimejenga kwa madafu, watoto nimesomesha kwa madafu, na asiyependa kusikia hivyo azibe masikio. Sasa huku kwetu kila mtu anajua, tangu utotoni, kuwa dafu likizidi huleta busha. Mama zetu walitunyang'anya mkononi. Hebu fikiria mteja amekaukwa koo, anafika kibandani, anamkuta muuzaji mwenyewe anatembea kama bata aliyeshiba. Atanunua nini hapo?

Na nisijifiche: mimi mwenyewe niliamini. Siku nilipoona uvimbe umeanza, nikaacha kunywa madafu. Natoboa, namkabidhi mtu, namwambia "karibu, linapoza roho," halafu nageuka nakunywa maji ya bomba. Miaka tisa. Kuwauzia watu kitu ninachokiogopa hakukuninyima usingizi kama ilivyopasa.

Aliyenigundua ni mtani wangu, Mnyamwezi mzaliwa wa hapahapa, anayeshona viatu mkabala na kibanda changu. Wakwere na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu. Kati yetu hakuna shikamoo wala samahani. Mimi humwambia babu yake alileta mzigo kutoka bara akasahau njia ya kurudi. Basi asubuhi moja alinitazama nikitoka nyuma ya meza, akasogea, akasema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu yule mtu hana sauti ya chini.

"Mkwere, babu yangu alijua kufunga mzigo. Wewe wa kwako umeufunga vibaya, umekushukia chini ya kanzu."

"Magoti yananisumbua."

"Goti gani hilo liko katikati?"

Akaniambia kuna zahanati inayoshughulikia mabusha, na atanisindikiza. Nikakataa. Kisu sikukipenda, lakini nililoliogopa zaidi ni maneno: mji ujue, na kibanda kife.

Nilikuja kushindwa Ijumaa moja. Kusujudu kulikuwa kumenishinda zamani, nikawa naswali kwenye kiti kwa kisingizio cha magoti. Siku hiyo imamu akawaombea wagonjwa, akayataja na magoti yangu. Msikiti mzima ukaitika amina. Nikaona uongo wangu sasa umepanda juu kuliko nilivyoupeleka mimi. Jumatatu yake nikamwambia mtani, "Twende."

Tabibu aliyetupokea zahanati alikuwa kijana mwenye miwani na mikono safi kama hajawahi kushika panga. "Shikamoo mzee," akasema, akanionyesha kitanda. Mimi nikamwonyesha ukuta. Palikuwa na picha kubwa ya mtu aliyevuliwa ngozi, ndani yake rangi rangi.

"Marahaba. Kwanza niambie, huyu amefanywa nini?"

Nataka mjue nilikuwa najivutia muda. Kadiri anavyoeleza picha, ndivyo anavyochelewa kuinua kanzu yangu.

Akaanza na mifupa. Inatusimamisha, akasema, na ndani yake ndimo damu inamotengenezwa. Nikashangaa kweli, maana nilidhani damu inatoka kwenye juisi ya rozela. Akaja kwenye misuli, nikapandisha kanzu mpaka chini ya goti, si zaidi, nikamwonyesha shavu la mguu wa mkwezi. Akaonyesha moyo unavyosukuma damu, mishipa hii inapeleka, ile inarudisha. Akaonyesha mapafu, akaniambia hayavuti hewa yenyewe. Chini yake kuna kiwambo cha nyama, hicho ndicho kinachoshuka na kupanda.

"Na haya matumbo?"

"Chakula kinasagwa hapa, kinanyonywa hapa. Utumbo mwembamba ukiunyoosha unafika kama mita sita."

"Nusu ya mnazi," nikasema.

"Wa Mkwere huyo ni mita kumi," akadakia mtani kutoka kwenye benchi. "Nimemwona kwenye pilau za watu."

Nikauliza figo. Zinachuja damu mchana na usiku, taka zinatoka na mkojo. Nikaelewa, kama chujio la tui. Nikauliza zile nyuzi za njano zilizotoka kichwani. Hizo ni neva, zinapeleka habari kwenye ubongo na kurudisha amri.

"Za kwake zina miaka tisa hazijapeleka habari," akasema mtani.

Kijana akacheka, akaweka kalamu mezani. "Haya mzee wangu, tupande kitandani."

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo ndiyo iliyokuleta."

Akaeleza polepole, bila kunifanya mjinga, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Damu inapozunguka, maji kidogo huvuja yakaingia kwenye nyama. Mirija ile ya kijani huyakusanya na kuyapitisha kwenye matezi, kama ile mitoki inayovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni. Vijidudu hupigwa vita hapo, kisha maji hurudishwa kwenye damu. Mirija hiyo haina moyo wa kuisukumia maji. Inategemea wewe utembee na upumue.

"Mfereji," nikasema.

"Mfereji. Sasa mbu mwenye vimelea akikuuma, mara nyingi, minyoo midogo kama uzi inaingia humo. Inakaa miaka. Mfereji unaharibika. Mguuni unapata matende. Kwako wewe, maji yamejaa kwenye mfuko wa korodani."

"Na dafu?"

"Dafu linaingia huku," akagusa tumbo la picha, "linatokea huku kwenye figo. Kule haliendi kabisa. Mzee, vile vidonge vya matende vinavyogawiwa mitaani, unameza?"

Nilikuwa navipokea kwa adabu na kuvitupa nyuma ya kabati. Nikamwambia hivyo hivyo. Akauliza karibu na ninapokaa kama kuna maji machafu yaliyotuama. Kabla sijafungua mdomo, mtani akajibu: "Nyuma ya kibanda chake kuna mtaro. Kauziba yeye mwenyewe kwa makumbi ya madafu. Mbu wa pale wana ukoo."

Halafu akaongeza, "Kwa hiyo dafu halina kosa. Mwenye kosa ni muuza dafu."

Hapo nikasimama. Nikasema nimeelewa, nashukuru, nitarudi siku nyingine. Nilikuwa nimeshashika kitasa mlango ulipofunguliwa, akaingia muuguzi na trei. Akanipita, akamwendea mtani.

"Shikamoo baba! Kile kidonda chako cha upasuaji kilifunga vizuri?"

Mwaka uliotangulia mtani wangu aliniaga anakwenda Tabora kumzika shangazi yake. Akakaa wiki tatu. Nilimchangia nauli. Nikamsomea shangazi Fatiha.

Nikamtazama. Akatazama picha ya ukutani kana kwamba ameiona sasa hivi.

"Shangazi yako," nikamwuliza, "alizikwa upande wa kulia au wa kushoto?"

Nilicheka mpaka kile kiwambo cha nyama kikauma, na nikiwa nacheka nikajikuta kitandani, kanzu juu.

Nilipasuliwa wiki iliyofuata. Ganzi ilikuwa ya kweli, kisu sikukisikia. Mtani alileta uji kila siku, na kila siku nilimwuliza hali ya marehemu. Nilipopata nguvu tuliuzibua mtaro, yeye akibeba makumbi kichwani, mimi nikimwelekeza njia kama babu zangu walivyomwelekeza babu yake.

Siku niliyofungua kibanda nilivaa suruali. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja jirani, anayeswali msikiti wetu. Nikamtobolea dafu, akalipokea.

"Alhamdulillahi, magoti yamepona," akasema.

Ng'ambo ya barabara sindano ya mtani ikasimama hewani. Ningeweza kusema amina, na biashara ikaendelea.

"Hayakuwa magoti," nikasema. "Lilikuwa busha. Limepasuliwa, na lililetwa na mbu, si hili."

Akalitazama dafu mkononi mwake, halafu akanitazama mimi. Hakunywa. Nikachukua panga, nikakata jingine, nikalielekeza mdomoni na kulimaliza lote palepale mbele yake. Nilikuwa nimesahau kabisa utamu wake. Likanimwagikia mpaka kwenye suruali.

Wapo wateja walioacha kuja kwangu, na mpaka leo hupita upande wa pili. Yule mama alikunywa lake taratibu, akanirudishia kifuu.

"Basi nitobolee na la mume wangu," akasema. "Na hiyo zahanati, niambie iko wapi. Naye magoti yanamsumbua."