Siku ya Nne ya Mwalimu Eliya

Harufu ya sabuni ya mche ikilowa maji baridi hunirudisha Pugu mpaka leo. Hapa Temeke sabuni hiyo haina msimu. Kila uani kuna kipande chake juu ya jiwe la kufulia, kimeliwa na jua mpaka kimepasuka. Mimi mwenyewe naifulia kila Jumamosi. Lakini mara moja moja, maji yakiwa ya baridi sana na mikono yangu ikiwa imetulia, harufu hiyo hupanda ghafla, nami hujiona tena msichana wa darasa la nne, nimesimama nyuma ya kichaka, miguu imetapakaa udongo mweupe, namtazama mwalimu wangu naye hajui kwamba ninamtazama.

Nilikuwa mtoto asiyesema. Si kwamba sikuweza. Nyumbani nilisema na Mama, nikagombana na kuku. Ila mbele ya watu maneno yalinikwama, na shuleni mwanafunzi akiulizwa lazima asimame ndipo ajibu. Nikisimama, magoti yalitetemeka, na wenzangu wakaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, kuona nitafika ngapi kabla sijakaa. Walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliamua kuwa mimi ni mzito wa kichwa wakaniacha. Kuandika niliweza, lakini nako nilikwenda polepole, herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Wenzangu walipomaliza na kukimbilia uwanjani, mimi nilikuwa bado kwenye mstari wa tatu.

Mwaka ule akaja Mwalimu Eliya. Alikuwa Mpare, kijana mrefu mwenye shati moja jeupe na jingine la kaki, akapanga chumba katika mtaa wetu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Hakuwa na ndugu wala mtu wa kwao hapa mjini. Jioni tulimwona akipika kwenye jiko dogo mlangoni pake, akala peke yake, akaosha sahani moja na kikombe kimoja. Watu walimsalimu akaitikia kwa adabu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mama alikuwa akisema, "Watu wa bara hawapendi kuingiliwa," na kila mtu mtaani aliliona neno hilo kuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyemwingilia.

Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeningoja. Siku moja aliniuliza swali, nikasimama, wenzangu wakaanza kuhesabu. Alikuja mpaka kwenye dawati langu, akaniwekea kibao cha kuandikia mbele yangu akasema, "Zena, kaa. Niandikie." Niliandika. Kengele ya mapumziko ilipigwa, wote wakatoka, naye akakaa pale kwenye kiti chake akitazama dirishani, si kwa kuchoka wala kwa kunihimiza, mpaka nilipomaliza. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Sijui kama naweza kumweleza mtu aliyezoea kusikilizwa jinsi kitu kidogo kama hicho kilivyokuwa kikubwa kwangu. Kwa mwaka ule mmoja nilikwenda shule nikiwa na mtu.

Ilikuwa Jumatano barua ilipoletwa, katikati ya somo la hesabu. Mwalimu Eliya aliifungua palepale, akaisoma amesimama, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Kisha akageukia ubao akaandika hesabu ileile aliyokuwa amekwisha kuiandika, chini ya ile ya kwanza. Shabani, mtoto wa Mzee Mfaume fundi cherehani, akacheka akasema, "Mwalimu, hiyo tumeshaimaliza!" Mwalimu akaitazama kwa muda. "Kweli," akasema, "basi ifanyeni tena." Alhamisi na Ijumaa alifundisha kama kawaida, isipokuwa alizungumza taratibu zaidi, na jioni sikuuona moshi mlangoni pake.

Jumamosi ilikuwa siku ya safari tuliyokuwa tukiingoja tangu mwanzo wa muhula. Sisi watoto wa Temeke tulikulia mchangani. Mlima tuliujua kwa picha ya kitabuni tu. Mwalimu alikuwa ametuahidi kutupeleka vilima vya Pugu tukaone msitu na mashimo ya udongo mweupe, na lori la kubebea kokoto lilikuwa limekubali kutupeleka asubuhi na kutufuata saa tisa. Tulipanda tukiimba, tumefunga mihogo ya kuchemsha na vitumbua kwenye vitambaa. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, akatuambia tusipige kelele msituni kwa sababu kuna mwenyewe. "Mwenyewe nani, mjomba?" Shabani akauliza. "Utamjua akikuchagua," dereva akasema, tukapiga mayowe ya furaha. Mwalimu alikaa mbele na dereva wala hakugeuka nyuma hata mara moja.

Tulipofika alitupandisha kilimani, akatuonyesha miti miwili mitatu, akataja majina yake, kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa ameinua macho anatazama juu, mahali njia inapopotea kati ya miti. Kwetu sisi kile kilikuwa kilima kikubwa sana. Leo najua kwamba kwa mtu wa Upareni ni kichuguu tu, lakini naona hata kichuguu kilitosha. Alituambia tukae kivulini tule, tusiondoke, yeye anarudi sasa hivi. Akaenda.

Tulikula. Tulingoja. Wavulana wakachoka kungoja wakateremkia mashimoni kurushiana udongo. Mimi nilisogea upande wa pili kujisaidia, nikasikia maji, nikayafuata, ndipo nikamwona. Alikuwa amepiga magoti kando ya kijito, amevua shati, kioo kidogo amekiegemeza kwenye mzizi, kichwa kizima kimejaa povu la sabuni ya mche. Alikuwa akijinyoa kwa wembe, bila mtu wa kumshikia kichwa, na kisogoni asikoweza kuona damu ilikuwa ikichuruzika pamoja na povu. Alikuwa akilia kama wanavyolia watoto, kwa mdomo wazi.

Nilikanyaga kijiti, akageuka. Hakunikaripia. Alijifuta uso kwa shati akasema, "Mama yangu amefariki, Zena. Barua ilifika Jumatano, na walikuwa wameshamzika. Leo ni siku ya nne tangu nipate habari. Kwetu siku ya nne wafiwa wananyoa. Wenzangu wote wameshanyoana huko nyumbani." Akautazama wembe. "Nilidhani nitaweza kungoja mpaka jioni. Nilipouona mlima nikashindwa." Aliniomba jambo moja tu: "Usimwambie mtu. Sipendi watoto wanionee huruma." Niliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa pale kisogoni palikuwa pamebaki nywele, nilichota maji kwa viganja nikammwagia, akamalizia.

Ndipo tukasikia makelele. Shabani alikuwa ameporomoka shimoni na mkono wake umevunjika. Mwalimu akatoka msituni mbio, kichwa kimenyolewa na michirizi ya damu, shati mkononi, macho mekundu. Watoto walipomwona hawakumkimbilia, walimkimbia. "Kachaguliwa! Mwalimu kachaguliwa!" msichana mmoja, Hadija, akalia, na neno hilo likashika kama moto kwenye makuti. Alimfunga Shabani mkono kwa shati lake na vijiti viwili, akambeba mgongoni mpaka barabarani, na lori lilipokuja akakaa naye mbele ameshika mkono ule njia nzima. Nyuma ya lori wenzangu walikuwa wakinong'ona kwamba mwenyewe wa msitu ametaka nywele zake, na siku nyingine atataka kitu kingine.

Kwetu pwani mtu mzima hanyoi kichwa akatoka damu bila sababu. Ama ametoka jela, ama ana chawa, ama ameingiliwa na pepo. Msiba sisi tunaujua kwa mkeka: ukiona mikeka imetandikwa barazani unajua kuna tanga, unaingia na kukaa. Mwalimu Eliya hakutandika mkeka. Alitandika msiba wake kichwani, mtaa mzima ukausoma, na kila mmoja akausoma vibaya. Jumapili watoto walimfuata wakiimba "kipara, kipara," na watu wazima hawakuwakemea.

Jumatatu mwalimu mkuu aliwaita wazazi darasani mwetu. Mzee Mfaume alisimama akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu mkuu, mkono wa mwanangu ni mfupa, utaunga. Watoto huanguka hata uani. Lakini mwalimu mwenye pepo, hapana. Kesho atamwongoza mwanangu baharini." Wenzake wakaitikia, "Kweli kabisa." Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki. Akamwuliza Mwalimu Eliya alikuwa wapi wakati ule. "Niliwaacha watoto peke yao," akajibu. "Kosa ni langu. Sina la kujitetea." Mwalimu mkuu akangoja zaidi, hakikuja kitu. Basi akatugeukia sisi. "Yuko yeyote aliyemwona mwalimu wakati ule?"

Nilisimama. Naapa nilisimama. Nyuma yangu nikamsikia mtu akianza, moja, mbili. Mwalimu Eliya alikuwa karibu na dirisha, kofia yake mkononi, akanitazama. Alinitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nikiandika, kama mtu asiye na haraka. Mimi nikadhani ananikumbusha ahadi yetu. Nikakaa. Mwalimu mkuu akauliza, "Ulitaka kusema nini, binti?" Nikatikisa kichwa.

Miaka mingi sasa nautazama uso ule. Siku hizi naamini hakuwa akinikumbusha kitu. Nadhani alikuwa akiningoja.

Jioni ile nilichana karatasi katikati ya daftari nikaanza kuandika. Niliandika Jumatatu, nikafuta. Niliandika Jumanne mpaka karatasi ikatoboka, nikachana nyingine. Sikuwa nikivunja ahadi, nilijiambia, kwa sababu aliniomba nisimwambie mtu, na kuandika si kusema. Na hata nilipojua kwamba huo ni udanganyifu wa kitoto sikuacha. Nilieleza barua, siku ya nne, wembe, kioo na kijito. Nilimaliza Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi nikampelekea mwalimu mkuu, nikamwekea mezani nikabaki nimesimama. Alisoma yote, akavua miwani. "Ameondoka na basi la Korogwe alfajiri hii," akasema. "Mwenyewe ameomba aache kazi." Halafu, kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia Jumatatu, mwanangu?"

Mchana mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe, akamsomea Mama ile karatasi uani. Mama alikuwa akichekecha unga. Akaacha chekeche, akakaa chini. "Amefiwa na mama yake," akasema, "na sisi tunapita mlangoni pake tunamcheka kipara! Siku nane! Na mie nimekaa hapa nasema watu wa bara hawapendi kuingiliwa!" Akaingia ndani akatoka na mkeka mpya, ule wa wageni, akajitanda kanga, akaenda. "Kaondoka, Mama," nikamwambia. "Msiba haujaondoka," akanijibu bila kugeuka.

Akatandika mkeka kwenye baraza la nyumba ile, mbele ya chumba kilichofungwa, akakaa. Wanawake wa mtaa walipomwuliza alikuwa akijibu, "Mwalimu kafiwa," nao wakaenda kuleta mikeka yao. Jioni wakaja wanaume. Mzee Mfaume alifika akiwa na Shabani mwenye mkono wa bandeji, akasimama muda mrefu hapo nje kabla ya kuvua viatu. Mwenye nyumba alifungua chumba ili wafiwa wawe na mlango, maana si vizuri kukaa tanga kwenye mlango uliofungwa. Ndani palikuwa na kitanda kitupu na kipande cha sabuni katika kifuu. Mtu mmoja akauliza tumsomee nini marehemu, yeye alikuwa Mkristo, na jina lake hatulijui. "Kaeni tu," Mama akasema. Wakakaa. Mimi nilikaa pembeni ya mlango, na usiku ule hakuna aliyehesabu ukimya wangu, kwa sababu wote tulikuwa kimya.

Mwalimu mkuu aliandika barua Upareni kueleza yote. Haikujibiwa, na sijui kama ilimfikia. Mimi nilimaliza shule ya msingi nikaishia hapo. Hakupatikana mwingine wa kuningoja. Chumba kile sasa amepanga karani na mkewe. Mtaa umejaa watu wa bara, kila nyumba ina lugha tatu, na bado tunaambiana kwamba hawapendi kuingiliwa.

Bado mimi ni mwenye haya, na haya maandishi yamenichukua msimu mzima wa mvua. Lakini jambo moja nimejilazimisha. Nikimwona mtu mtaani amenyoa kichwa ghafla, nasimama. Magoti yanatetemeka kama zamani, ila namwuliza, "Pole, ndugu yangu. Umefiwa na nani?" Karibu wote hucheka. "Joto tu, dada," wananiambia, au, "Kinyozi kaniharibu," nami naona aibu naenda zangu. Mwezi uliopita nilimwuliza kijana mmoja mchukuzi, mgeni, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye benchi karibu na kisima. Hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akasogea upande mmoja wa benchi, nikakaa, nikamngoja.