Ng'ombe wa Uingereza Hachunwi Dagoretti

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tumetoka kanisani na njaa zetu, mimi na rafiki yangu Mutua, fundi cherehani, tumekaa katika chumba chake cha River Road tukimngoja Mzee Makokha atuletee matumbo. Mzee alikuwa mchinjaji kule Dagoretti, na Jumapili bila matumbo yake haikuwa Jumapili. Lakini siku hiyo njaa ilitutoka ghafla, Mutua alipofungua barua ya Wafula.

Wafula ni mtoto wa dada yangu. Nilimpita umri kidogo tu, tulichunga pamoja, lakini mjomba ni mjomba hata kama bado ana meno ya maziwa. Yeye alijaliwa kichwa, akafika chuo kikuu kule Kampala kusomea udaktari wa mifugo. Mimi shule ilinishinda mapema, nikaja Nairobi nikawa boi wa jikoni kwa mzungu mmoja, Spring Valley. Basi walipompeleka Uingereza kufanya mazoezi kwa daktari mmoja wa ng'ombe, nani alikuwa mshauri wake? Mimi. Usicheke.

Nilimshauri kwa yale niliyoyajua. Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikikamata watu ovyo, mdomo uliweza kumfikisha mtu mahali asipopapenda. Kwa bwana wangu nilijifunza kutomtazama machoni, kutouliza kitu, na nikiulizwa, kusema "Ndiyo, bwana." Hata siku memsabu, mke wake, aliponiuliza kama chumvi imezidi au imepungua, nilisema, "Ndiyo, bwana," na yeye ni mwanamke! Lakini sikufukuzwa. Basi Wafula alipoondoka nilimwambia hivyo hivyo, na nikarudia katika kila barua. Mutua ndiye aliyeniandikia, maana mwandiko wangu ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu: "Funga mdomo, inamisha kichwa, utarudi salama."

Sasa kijana anatuandikia kwamba mambo yameharibika. Yule daktari amesema Wafula hajali kazi, na asipobadilika kabla ya mwezi kwisha atamrudisha. Na bila mazoezi yale, hakuna cheti. Mwanangu, ukoo mzima ulikuwa umeshajisifu. Dada yangu alikuwa ameacha kusalimia watu wengine sokoni.

"Hajainama vya kutosha," nikasema. "Mutua, shika kalamu. Andika: Wafula, inama zaidi."

"Akiinama zaidi atagusa kwato," Mutua akanijibu.

"Wewe andika! Mwambie afunge mdomo kabisa, hata kukohoa akakohoe nje."

Mzee Makokha alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na furushi lake la matumbo limefungwa kwa jani la mgomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, cheko la kumfanya mtu ajikague kama amevaa suruali.

"Simiyu," akaniita, "Uingereza umeenda lini?"

"Sijaenda, Mzee."

"Huyo daktari unamjua?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa hii maneno yote umetoa wapi?"

"Spring Valley, Mzee."

"Spring Valley! Mimi nachuna ng'ombe miaka yote hii. Ukiniambia kuna ng'ombe Kitale, nitamchuna nikiwa hapa Dagoretti? Kisu changu ni kikali, ndiyo, lakini nitakuwa nakata hewa. Na wewe unakata hewa, kijana. Umemuuliza Wafula nini tangu aende?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimemuuliza kama amepata barua yangu.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nafukuza kunguni wa kitanda cha Uingereza kwa ufagio wa River Road.

Mzee akaagiza karatasi mpya. "Andika hivi: Wafula, huyo daktari anakuuliza nini, na wewe unamjibu nini? Basi. Funga."

"Mzee, ndege nzima ibebe maneno hayo tu?" nikalalamika.

"Ndege haijalalamika."

Tukala matumbo, yakanishuka kama mawe, na matumbo ya Mzee yalikuwa laini, yeye aliyaosha kwa maji ya moto na chumvi, sio kama haya ya siku hizi. Lakini nimepotea njia. Jibu lilipofika, mwezi ulikuwa unakaribia ukingoni. Wafula aliandika: kila asubuhi daktari ananisimamisha mbele ya ng'ombe mgonjwa, ananiuliza, "Wewe unaona nini?" Nami namjibu, "Ndiyo, bwana."

Mutua aliangukia cherehani yake kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu barua iliendelea: "Mjomba, mara nyingi najua ugonjwa. Lakini uliniagiza ninyamaze, nami siwezi kuvunja neno la mjomba."

Unaona? Kwetu neno la mjomba si mchezo. Aliyelisema ndiye huliondoa. Hata Mzee Makokha na mvi zake hakuweza kuliondoa. Akanitazama tu, wala hakuniambia la kufanya. Nilikuwa kijana, na kijana afadhali ameze mfupa kuliko kusema amekosea mbele ya fundi cherehani.

Mwishowe nikasema, "Mutua, andika. Wafula, mimi mjomba wako niliyekufunga mdomo, leo nakufungua. Kichwa kiinue. Unachokiona kiseme, usichokijua kiulize. Huko uko wewe, mimi siko."

Barua ilikimbizana na mwezi, ikaushinda. Wafula akatuandikia kwamba asubuhi ile ile ilipomfikia alitaja ugonjwa wa ng'ombe, akakosea, daktari akambishia, naye akabisha, wakabishana mpaka chai ikapoa. Daktari akasema, "Kumbe umo humo ndani!" Hakurudishwa. Alirudi mwenyewe, na cheti chake, na maneno mengi mno. Mpaka leo hatuwezi kumnyamazisha.

Nilipozeeka nikafuga ng'ombe wawili huku Dagoretti, mmoja akaugua. Nikamwita Wafula, daktari mzima mwenye mvi. Kabla hajamgusa ng'ombe akanigeukia: "Mjomba, wewe unaona nini?"

Nikainamisha kichwa. "Ndiyo, bwana."

Tulicheka mpaka ng'ombe akasimama mwenyewe.

Sasa mwanangu, nasikia umepewa wanafunzi wa chuo kikuu uwasimamie, wao wako ng'ambo kazini, wewe uko hapa Nairobi na simu yenye sura za watu. Ni vizuri. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, hata ikiwa na picha. Kabla hujamshauri mtoto, muulize anaona nini, kisha ngoja ajibu, usimjibie. Hofu yako ya hapa usimfungie katika mzigo wake, huenda huko haina kazi, ikamwelemea bure. Na ukigundua ulimwagiza vibaya, liondoe neno lako wewe mwenyewe, upesi, kabla mwezi haujaisha, maana mtoto mwenye adabu ataona afadhali azame nalo kuliko kulitupa.

Nenda, mwanangu. Mungu awape watoto wako macho ya kuona na midomo ya kusema, na wewe akupe masikio makubwa. Warudi wote salama, wakubishie mpaka chai yako ipoe.