Marehemu wa Kwenye Fulana

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari huko Bagira, na kila mwaka masomo yakianza huwaudhi wanafunzi wangu kwa swali moja: wewe ni nani, na umetoka kwa nani? Mimi mwenyewe sikuwahi kuhangaika na swali hilo. Babu yangu mzaa mama alikuwa ukutani.

Alikuwa sebuleni kwa bibi, kijijini Nyantende, ndani ya kadri, yaani fremu ya mbao, juu ya redio: mwanamume mwenye ndevu, nywele nyingi zilizochanwa upande, koti lenye kola ngumu, na macho ya mtu aliyekwisha kusikia visingizio vyako vyote. Alifariki mama yangu akiwa bado ananyonya, lakini malezi yetu yote yalipitia kwake. Ukipata alama mbaya bibi hakukupiga. Alikusimamisha mbele ya kadri na kukuambia, "Muelezee weye mwenyewe." Mjomba wangu, kifungua mimba, aliwahi kurudia mwaka wa sita, na siku hiyo akaigeuza picha ili apate kula kwa amani. Alichapwa kwa kuigeuza picha, si kwa kurudia mwaka. Hata hivyo, mpaka leo huapa kwamba anazikumbuka ndevu zile zikimchoma shavuni alipokuwa na miaka mitano.

Mwaka huu niliamua kupamba darasa kwa picha za watu wakubwa wa historia ya watu weusi, wa kwetu na wa ng'ambo. Wa kwetu niliwajua. Wa ng'ambo niliwatafuta kwenye simu, nikiwa jikoni kwangu Kasha, maharage yakiwa motoni. Nikawa napitisha kidole: malkia mmoja, bondia mmoja, mwanamke aliyekataa kumpisha mzungu kwenye basi, kisha babu.

Kwanza nilidhani kuna binamu aliyemweka mtandaoni. Nikasoma. Mtu huyo alizaliwa mtumwa Marekani, akajifunza kusoma kwa kuibia, akatoroka, akawa msemaji hodari hata wazungu wakawa wanakuja kwa wingi kumsikiliza. Alikufa zamani sana, babu yangu hata hajazaliwa. Picha ilikuwa ileile, kola ileile, macho yaleyale. Maharage yaliungua.

Jambo hili lingeweza kubaki kati yangu na simu, kama si misa. Ukoo ulikuwa unaandaa misa ya miaka hamsini tangu babu afariki, na kwetu misa ya kumbukumbu bila fulana zenye picha ya marehemu si misa, ni mkutano tu. Mjomba alikuwa amekwisha kupeleka picha kwa fundi: fulana hamsini nyeupe, uso mbele, na mgongoni "Tunakukumbuka Papa". Nilimpigia simu nikamwuliza kama kazi hiyo inaweza kusubiri kidogo.

"Isubiri nini?" alisema. "Muzee anasubiri miaka makumi tano. Na ile foto iko muzuri sana. Hata fundi anasema, huyu muzee alikuwa mutu mukubwa."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mkubwa wa wapi.

Kusema kweli niliogopa kitu kimoja, na haikuwa aibu ya kanisani. Niliogopa kwamba nikimwondoa yule Mmarekani ukutani, nyuma yake hakuna mtu. Mimi, mwalimu wa umetoka-kwa-nani, ningebaki na msumari.

Kesho yake nikaenda Nyantende. Bibi alikuwa uani anamenya mihogo. Nilizunguka sana: nikauliza habari za migomba, za mbuzi, za goti lake la kushoto na la kulia. Mwishowe nikampa simu. Aliishika mbali na macho, akaitazama, akanirudishia.

"Hapa iko mudogo mudogo," alisema. "Ya kwetu iko muzuri zaidi."

"Koko," nilisema, kama tunavyomwita bibi kwetu, "unajua huyu ni nani?"

"Weye njo ulisoma. Uniambie."

Nikamwambia. Alisikiliza yote, utumwa, kutoroka, hotuba, kisu kikiendelea na kazi. Nilipofika mahali kwamba mtu yule alipigwa picha mara nyingi kwa makusudi, ili uso wa mtu mweusi uonekane ulivyo na si kama ulivyochorwa na wenye dharau, kisu kilisimama.

"Basi nilichagua muzuri," alisema.

Hakuwa amedanganywa na mtu. Babu aliacha picha moja tu, ile ya kitambulisho, na bibi aliifua pamoja na suruali juma lile la msiba. Watoto walipoanza kuuliza baba alikuwa na sura gani, kila mmoja alishika jibu lake na wakapigana. Kisha siku moja masista wa misioni wakamfungia sabuni kwa ukurasa wa gazeti la kizungu, na katika ukurasa ule alikuwemo mwanamume mweusi mwenye koti.

"Nilikuwa mujane na batoto batatu," alisema. "Nilitaka mwanaume wa kuangalia nyumba. Huyu hakula, hakunywa, na kila mutu alimuogopa."

"Na majirani? Si walimjua babu?"

"Wenye walimujua walicheka. Kisha walizoea. Kisha walikufa."

Nikamwuliza kama babu alifanana naye hata kidogo. Bibi alicheka mpaka akashika goti.

"Muzee wangu alikuwa mufupi. Ndevu zilikataa kabisa. Na alikuwa anaogopa ngombe."

Lazima nieleze kwamba kwa Mshi, mtu wa kabila letu, mwanamume anayeogopa ng'ombe ni siri ya ukoo mzima. Mahari yetu huja kwa miguu minne. Bibi alisema siku ng'ombe wake walipoletwa, bwana harusi alitembea upande wa pili wa barabara, ameshika mwavuli, akiwaelekeza wengine kwa mbali.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nilimwambia ametunyima babu wa kweli miaka yote hiyo, akatupa mgeni wa kutuogopesha.

"Sikubanyima," alisema bila kupandisha sauti. "Hakuna mwenye aliniuliza. Bote mulikuwa munauliza foto."

Wanafunzi wangu nimewafundisha kuuliza, nami sikuwahi kumwuliza bibi yangu hata swali moja.

"Na fulana?" nilisema baadaye.

"Bavae. Mujomba wako iko na miaka makumi tano na tano. Ukimutolea baba leo, atamupata wapi mwingine?"

Basi Jumapili, Wamarekani hamsini wakaingia kanisani Nyantende, wengine wakiwa wamenyooka, wengine wamevutwa na matumbo makubwa. Padri ni kijana msomaji. Alipofika altareni akatutazama, akatutazama tena, kisha akanitafuta mimi kwa macho. Mimi nilikuwa nachunguza dari. Katika mahubiri alisema tu kwamba marehemu huyu alipigania utu wa watu wake, na mjomba akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kabisa, kabisa.

Wakati wa wimbo wa sadaka bibi alinigusa kwa kiwiko.

"Pale," alinong'ona, akionyesha kwa midomo nguzo ya tatu. "Alikuwa anasimamaka pale, anaimba mubaya. Batu banageuka, yeye anaongeza sauti."

Pale nguzoni alisimama mama mmoja anambembeleza mtoto. Nilipatazama muda mrefu, na mahali pa yule mama nikamwona mtu mfupi asiye na ndevu, ameinua kidevu, anaharibu wimbo kwa furaha. Nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia. Miaka yote hiyo nilimwogopa babu. Siku hiyo ndiyo nilifiwa naye. Mjomba alinipa leso yake, akanipigapiga begani, akaninong'oneza kwamba hata yeye, padri alipotaja utu, alikiona kifo cha baba yake kama cha jana.