Sauti ya Pili

Fundi viatu mmoja watu walimwita Kisigino, naye aliitika tu, maana kulikataa jina kungehitaji maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo. Ukimpelekea kiatu alikigeuza, akagonga soli kwa ukucha, akainamisha kichwa kusikiliza. "Imeachia hapa," alisema, na kweli ilikuwa imeachia hapo hapo. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Mdomo ndio uliokuwa mzito.

Mwaka huo alikuwa anatafuta amplifaya. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa amepasuliwa koo. Alipona, lakini alibaki akinong'ona kama mtu anayetoa siri. Zamani aliimba kwaya, sauti ya pili, ile ya wanawake inayotembea chini ya sauti ya kwanza bila kujionyesha. Nyumbani palikuwa na sidii moja ya kwaya hiyo, waimbaji thelathini. Uimbaji wake ulikuwa umebaki humo tu, hapakuwa na pengine. Lakini sabufa ya sebuleni ilidunda mpaka vikombe vikacheza kabatini, na wote thelathini walisikika kama wamefungiwa ndani ya pipa.

Shemeji yake alipohama aliwaachia spika mbili za mbao. "Hizi ni za kusikiliza, si za kutisha majirani," alisema. "Tafuta amplifaya ya maana, ile ya boksi moja yenye kila kitu ndani. Ya bei chee itakuliza. Ya bei mbaya waachie wenyewe. Chukua ya katikati."

Ya katikati. Rahisi kusema.

Muuzaji wa duka la vyombo vya muziki alivaa fulana iliyoandikwa "Daktari wa Sauti".

"Karibu, mzee wangu. Tukupe nini?"

"Amplifaya ya nyumbani," alisema Kisigino, akiitazama fulana kwa matumaini. "Nataka sauti."

"Umefika penyewe!" Daktari akawasha kifaa chenye taa za rangi zote, akazungusha kitufe. Sakafu ikatetemeka. Mwenye duka la jirani akachungulia mlangoni.

"Wati elfu mbili hizo!"

"Siyo hiyo."

"Eeh?"

"Nimesema nataka sauti!"

"Ahaa!" Daktari akaongeza.

Kisigino alirudi nyumbani masikio yakimlia kama nzi ndani ya chupa. Siku nzima aligonga misumari kwa hasira, na mteja mmoja aliondoka na soli iliyopigiliwa misumari ya kutosha mlango.

Wiki iliyofuata alijiandaa. Aliandika maneno yake kwenye kipande cha boksi la viatu, akayafanyia mazoezi mbele ya buti moja lililokuwa likisubiri kamba. Akaenda na sidii mkononi.

"Nataka kumsikia mtu mmoja kati ya watu thelathini," alisoma.

"Mtu gani?"

Swali hilo halikuwa kwenye boksi. Uso ukamwaka moto. Kumtaja mke dukani, mbele ya watu! "Sauti ya pili," alijibu kwa kifupi.

"Si ungesema mapema, mzee wangu!" Daktari akageuza amplifaya nyingine, akaonyesha matundu ya nyaya nyuma yake. "Spika mbili hapa, zako za sebuleni. Mbili hapa, za chumbani. Sauti ya kwanza, sauti ya pili. Kazi imekwisha."

Kisigino akagonga kaunta kwa ngumi, si kwa nguvu, ila kama mtu anayezamisha msumari mdogo.

"Ni mke wangu," alisema. "Alipasuliwa koo. Haimbi tena. Yumo humu, na mimi simsikii!"

Daktari akajikuna kisogo, akainamia rafu ya chini kabisa, akatoa amplifaya ya kijivu isiyo na taa hata moja. Akaipangusa vumbi kwa fulana yake.

"Hii ni ya bei ya katikati, na hainunuliwi. Wati arobaini tu. Watu wananiuliza, imekufa?"

Akaweka sidii, akaondoa besi aliyozoea kuongeza. Waimbaji wakaachana taratibu, kila mmoja akasimama mahali pake. Kisigino akainamisha kichwa kama anayesikiliza soli. Katika wimbo wa tatu, upande wa kushoto, mwanamke mmoja aliimba chini ya wengine, laini, bila haraka.

"Nifungie," alisema.

Jioni alimkalisha mkewe katikati ya spika mbili za mbao, akapeleka sidii moja kwa moja kwenye wimbo huo.

"Sikia, Mama Pacha. Kushoto. Huyo hapo!"

Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho. "Huyo si mimi," akanong'ona.

"Mke wangu, usinifanyie hivyo."

"Huyo ni muuza vitambaa, jirani yako wa kibandani. Kila mwezi unamshonea kandambili, humjui? Mimi siku ile ya kurekodi nilikuwa na mafua. Mwalimu wa kwaya aliniambia nifungue mdomo tu, nisitoe kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza, Baba Pacha? Ulisema unatafuta amplifaya. Nikajua ni ya kusikilizia mpira."

Kisigino akainuka, akashika waya. Kesho angeirudisha na Daktari angecheka mpaka akae chini. Mkewe akamshika mkono.

"Rudisha nyuma kidogo. Kabla wimbo haujaanza."

Akarudisha. Ukimya. Miguu ikisogea. Karatasi ikigeuzwa. Kisha, mbali upande wa kushoto, kikohozi kidogo kilichozibwa na kiganja.

"Huyo ndiye mimi," alinong'ona Mama Pacha, na mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na mlio.

Kisigino hakucheka. Kwenye sabufa kikohozi hicho hakikuwahi kuwepo. Kilikuwa kikohozi cha koo zima, cha kabla ya kisu. Akarudisha tena. Na tena.

"Basi jamani, utanichosha kukohoa."

"Mafua!" alisema Kisigino kwa uchungu, kama anayemtaja mtu aliyemwibia. "Mafua tu!" Akainamisha kichwa karibu na spika ya kushoto, akabonyeza mara nyingine.