Mtunza Ghala Aliyetafuna Punje

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga ilikuwa inakuvalisha makoti mawili na bado unajikunyata. Nazikumbuka kwa hamu kuliko kitu kingine chochote cha ujana wangu. Ghala la chama chetu cha wakulima lilikuwa mtaa wa Chanji, na mtunza ghala alikuwa mama mmoja mpole kwa wakulima, mkali kwangu, aliyenimiminia uji wa ulezi kabla sijaomba.

Nilikuwa nimeletwa kuanzisha mfumo wa kompyuta wa kusaidia maamuzi: mahindi yapi yapokelewe, yapi yaanikwe tena, yapi yatoke kwanza. Mama yeye aliamua kwa jino. Alitafuna punje, akaisikiliza inavyokatika, basi.

"Shikamoo mama. Leo tunapima unyevu kwa mashine," nilimwambia, na kiburi changu cha kutoka chuoni juzi.

"Marahaba. Subiri kwanza jua lipande, mwanangu. Punje yenye baridi inadanganya."

Sikusubiri. Mzigo wa mahindi kutoka kijiji cha Kaengesa ukapimwa asubuhi ile ile, kompyuta ikasema ni mkavu, tukaupanga. Wiki mbili baadaye magunia yalikuwa ya moto na yananuka uvundo. Tuliyaanika uani siku tatu. Mama hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Nilikaa naye msimu mzima, nikimwuliza na kuingiza majibu yake kwenye mfumo. Siku moja alisita.

"Nikishakwambia yote, mimi nitabaki na kazi gani?"

"Kompyuta ni msaidizi tu, mama. Mwamuzi ni wewe."

Aliniamini, akaniambia yote. Sijawahi kufurahia kazi kama msimu ule.

Mfumo ukakubalika. Wakulima waliokuwa wakiukwepa wakaanza kuuliza wenyewe, "Kompyuta inasemaje?" Bodi ya chama ikataka taarifa yangu: je, mfumo unaweza kufanya kazi bila mtunza ghala? Nilikuwa natafuta sifa. Nikaandika kwamba unaweza.

Mwezi ule ule mama akaambiwa akapumzike. Alikuja mezani kwangu kukabidhi funguo, akaniona nimeinama.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Najua ulinitetea."

Nikapokea funguo. Sikumsahihisha.