Chumba Kilichozimwa

Umeme ulirudi Lushoto mjini Jumatano saa nne asubuhi. Katika ofisi ya mchora ramani, nilikokuwa nikisubiri zamu yangu, mfanyabiashara wa mboga kutoka Lukozi alisogeza kiti karibu na kompyuta, aone ramani ya nyumba yake. Mama yake alibaki kwenye benchi, kikapu mapajani.

Mchora ramani alieleza mbinu yake. Kila kitu hukiweka kwenye tabaka lake: kuta peke yake, milango peke yake, hata chumba cha mama peke yake.

"Ukitaka kubadili, huchori upya. Unazima tabaka moja, mengine hayaguswi."

"Basi zima chumba cha mama, tuone kama fremu ya duka itaingia."

Akabonyeza. Chumba kikatoweka.

Mama akainuka, akainamia kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, mimi umenipeleka wapi?"

"Hujaenda popote, mama. Tunajaribu tu."

"Kumbe kujaribu kwenyewe ni kwepesi hivyo?"

Mchora ramani aliondoa mkono kwenye kibonyezo, akautia mfukoni.

Sina ugomvi na mbinu hiyo. Inaokoa kazi nyingi. Lakini zamani, kufuta chumba kwenye karatasi kulihitaji kukwangua wino taratibu kwa wembe, na wakati huo mwenye nyumba alipata nafasi ya kufikiri.

Mwana alitazama kioo kwa muda.

"Washa chumba cha mama. Zima sebule. Wageni watakaa dukani."

Ramani ilichapwa kabla ya saa sita, chumba kikiwemo. Mama aliikunja mwenyewe, akaitia kikapuni.