Nilivyomsalimu meneja kwa Kiingereza cha vijana wa London

Leo nimemwita mzee wa Kiingereza "bruv", yaani "ndugu yangu" ya vijana wa mtaani, na ajira yangu iko mikononi mwake.

Nafasi yenyewe ni ya mapokezi, katika hoteli moja hapa mjini Sur. Kwa kuwa wageni wengi ni Waingereza, nilijifunza kwa bidii misemo ya vijana wa London.

Meneja, kichwa kizima mvi, akamgeukia msaidizi wake, Bi Zuwena, amuulize nimesema nini.

Bi Zuwena akamfasiria. Naam, Mwingereza alifasiriwa Kiingereza.

Kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu rika la babu yako. Si umwamkie tu?"

Nikaanza upya, kwa Kiingereza cha shuleni. Meneja akashusha pumzi.

Naanza kazi Jumapili.

Nani anahitaji masomo ya misemo ya London? Nayatoa bure, yametumika mara moja tu.